Bitana ya Titani

Watu wa soko la Kasulu walimjua Odilia kwa jambo moja: mshono wake haukuwahi kufumuka. Dereva angemletea turubai lililopasuliwa na upepo wa barabarani, muuza mkaa angemletea gunia lililooza nusu, naye angelishika, angeligeuza, angelinusa, kisha aseme tu, "Uje kesho jioni." Ukija kesho jioni unakuta kazi imekwisha, na ukitafuta mahali palipokuwa pamepasuka unaweza kuhangaika.

Alizaliwa Muyama, wa tano kati ya watoto saba. Kabla hajajua kuandika jina lake alikwisha kujua kutumia shazia, ile sindano nene ya magunia, kwa kuwa baba yake alilima kahawa na magunia ya kahawa hayaishi kutoboka. Akaolewa Kasulu na Didas, mfugaji wa nyuki asiye na maneno mengi, wakamzaa Japhet, na tangu hapo wengi wakamwita Mama Japhet. Alikodi kibaraza mbele ya duka la mzee Abdalah, akaweka cherehani yake ya miguu. Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya Warundi, shirika moja likatafuta mafundi wa kushona mahema. Odilia akaenda. Miaka mitatu alishona mahema kwa cherehani kubwa ya umeme inayopita kwenye kitambaa kizito kama inapita kwenye mkate, na wanawake wa kambini wakicheka jinsi Kiha chake na Kirundi chao vilivyokaribiana.

Hapo Nduta ndipo watu wa kiwanda walipomsikia.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha majaribio, kwenye vilima vya nje ya Kibondo, upande wa kwenda Kakonko. Kazi yake ilikuwa kutoa nikeli kwenye mawe. Mawe yanasagwa, yanachanganywa na maji na tindikali ya salfa, kisha uji ule unapikwa ndani ya mtungi mkubwa uliofungwa, kwa joto linalozidi mara mbili joto la maji yanayochemka na kwa presha ambayo ingeweza kurusha lori. Mtungi huo ulilala chini ya paa refu lisilo na kuta, mrefu kama basi, mnene kuliko basi. Ulihitaji koti. Usipovishwa, joto lote linapotelea hewani na yeyote atakayeugusa anaacha ngozi yake pale pale. Na koti la mtungi kama ule halinunuliwi dukani. Linapimwa, linakatwa na kushonwa kipande kwa kipande: kitambaa cha nyuzi za kioo juu na chini, pamba ya mawe katikati, kulabu na waya pembeni, ili kila kipande kiweze kuvuliwa na kuvishwa tena.

Injinia aliyempokea aliitwa Abdulrahmani, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye haraka na heshima kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza alimpa helmeti na taa, akamwambia aingie ndani ya mtungi kupitia mlango wa duara kabla haujafungwa, auone anaokwenda kuuvisha.

Odilia aliingia kwa magoti. Ndani kulikuwa na mwanga wa kijivu unaong'aa, laini, bila kutu hata chembe. Akapitisha kiganja ukutani.

"Hii unayoishika ni titani," Abdulrahmani alisema kutoka mlangoni. "Tindikali hailiwezi hilo dude. Ila titani ni ghali, kwa hiyo ni nyembamba tu, milimita chache. Nyuma yake ndiyo kuna chuma chenyewe, kinene, kinachobeba presha. Chuma kikikutana na tindikali ya moto kinaisha kama sukari kwenye chai."

"Kwa hiyo hii ni bitana," Odilia alisema.

"Nini?"

"Bitana, Injinia. Kama ya koti la suti. Kitambaa cha ndani kinacholinda cha nje."

Abdulrahmani alicheka kwa furaha. Jioni ile kiwanda kizima kilikuwa kinasema bitana, na mpaka leo wanasema hivyo.

Alishona vipande thelathini na kimoja. Aliyemsaidia kuvivisha ni Kipriani, fundi bati wa Kibondo, mtani wake mkubwa, aliyekuwa akimwita shangazi ingawa walilingana umri. Kwenye michoro kulikuwa na matundu kumi na mawili ya duara, madogo, ambayo koti lilitakiwa kuyaacha wazi. Pale penye kila tundu, kibomba kifupi chenye unene wa kidole kilitokeza kwenye chuma cha mtungi. Odilia akavizungushia vibomba hivyo pindo vizuri, akavipita. Alidhani ni vya kupumulia.

Kazi ikaanza. Mwaka wa kwanza ukapita salama. Odilia alipanga chumba Kibondo, akawa anarudi Kasulu kila Jumamosi ya pili. Akawa ndiye mwenye koti: kila mwezi anazunguka na Kipriani kukaza kulabu, kufuta vumbi na kubadilisha kipande kilichochoka.

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata baridi iliingia vibaya. Wanaoijua Kibondo asubuhi za mwezi wa sita wanajua ninachosema. Wafanyakazi wa zamu walikuwa wanachukua vikombe vyao vya chai wanakwenda kuegemeza migongo kwenye koti la mtungi, kwa sababu lilikuwa na uvuguvugu mzuri, kama ukuta wa jiko la mkate. Odilia naye aliegemea. Ilikuwa raha, na yeye alikuwa na fahari kidogo kwamba ndani kuna moto wa kumbabua mtu na nje mtu anaweza kulaza shavu.

Asubuhi moja Abdulrahmani alipita, kikombe mkono mmoja, simu sikioni. Zamu iliyomtangulia ilikuwa imelalamika kwamba joto la mtungi linashuka. Akasimama mbele ya Odilia, akaisogeza simu pembeni ya mdomo.

"Mama Japhet, hivyo vitundu vinatutolea joto. Vizibe."

Odilia akauliza, "Ni vya nini, Injinia?"

"Vya huko walikoutengeneza mtungi. Ziba tu, mama." Akarudi kwenye simu yake, akaondoka.

Odilia akaziba. Hakuziba kwa kulipua kazi. Alisokota pamba ya mawe akaijaza kwenye kila kibomba, akakata viraka kumi na viwili vya duara, akavishona kwa uzi mgumu wa manjano, mshono mara mbili. Siku mbili nzima. Wageni walipokuja kutembelea kiwanda mmoja wao alivipiga picha viraka vile.

Mwezi wa kumi mvua za kwanza zikanyesha. Jumanne moja, saa tatu kasoro asubuhi, Odilia na Kipriani walikuwa kwenye mzunguko wao wa mwezi. Kipriani alikuwa juu ya ngazi anakaza kulabu, anaimba. Odilia alikuwa amechuchumaa upande wa chini, karibu na kiraka cha saba. Akaona doa. Halikuwa kubwa. Lilikuwa la rangi ya chai ya rangi, linashuka kutoka kwenye ukingo wa kiraka kama mtu aliyelia.

Alisogeza uso. Mshono ulikuwa umefumuka.

Kwanza alichokiona ni aibu. Miaka thelathini ya kushona, mshono wake haujawahi kufumuka, na sasa huu umefunguka mdomo, mbele ya macho yake. Akautafuta uzi ili auone umekatikia wapi. Hakukuwa na uzi. Matundu ya sindano yalikuwepo, yamepangana vizuri kama alivyoyatoboa mwenyewe, kitambaa kipo, lakini uzi wa manjano ulikuwa umetoweka kama haujawahi kupita humo. Kilichobaki mahali pake kilikuwa unga wa kahawia uliomshika kwenye glovu.

"Kipriani," aliita. Akaita tena. "Kipriani, shuka."

"Shangazi, kuna nini?"

"Uzi umeliwa."

Kipriani aliposhuka, Odilia alikuwa amekwisha kufungua kulabu mbili za kipande kile na kukiinua pembeni. Harufu kali ikawapiga puani, ya kuunguza koo. Pamba ya mawe aliyoijaza kwa mkono wake ilikuwa imegeuka uji. Mdomo wa kile kibomba ulikuwa umezibwa na ukoko wa kijani, mgumu kama jiwe, na chini ya ukoko tone moja lilikuwa linajikusanya taratibu. Likadondoka kwenye mkono wa ovaroli ya Kipriani. Hawakusikia kitu. Waliona tu kitambaa kinatoboka, tundu linapanuka, na Kipriani akaruka nyuma akipiga kelele kwa Kiha, "Mawe! Mawe we!" kama mtoto anayemwita mama yake. Odilia akamvuta mpaka kwenye bomba la maji la dharura, akamfungulia, akamshikilia mkono chini ya maji.

Kwenye redio ya mawasiliano ya Kipriani akamwita Loyce, msichana wa Mbeya aliyekuwa mkemia na siku hiyo ndiye aliyeongoza chumba cha mitambo. Loyce alikuja mbio, kalamu bado iko nyuma ya sikio. Akainama, akatazama kibomba, akatazama kiraka kinachoning'inia, kisha akainua kichwa akatazama viraka vingine, kimoja kimoja, upande mzima wa mtungi. Odilia alikuwa hajawahi kuona uso wa mtu mweusi ukawa wa kijivu. Siku hiyo aliuona.

"Nani ameviziba?"

Odilia akafungua mdomo.

"Usinijibu," Loyce alisema. "Tokeni. Tembeeni, msikimbie. Waambieni wote watoke hadi getini."

King'ora kikalia. Watu sitini na wanne wakatoka nje mvua ikinyesha. Wengine walikuwa wanacheka wakidhani ni zoezi, mpaka walipomwona Kipriani na mkono uliofungwa, na Odilia nyuma yake anatembea macho yametoka. Pale getini ndipo alipoelewa jambo ambalo hakuna aliyemweleza: mtungi hauwezi kufunguliwa tu kama sufuria. Ukiuachia presha yote kwa mpigo unaweza kuupasua. Inabidi ishuke polepole, saa sita hivi. Na kwa muda huo lazima mtu akae kwenye chumba cha mitambo, hatua sitini tu kutoka mtungini, aishushe. Aliyekaa ni Loyce. Abdulrahmani aliyekuwa nyumbani baada ya zamu yake alifika kwa bodaboda, ameloa, akapita getini bila kumsalimu mtu, akaenda kukaa naye.

Saa sita. Walinzi walikwenda kuwaondoa wakulima kwenye mashamba ya mihogo ya jirani. Mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha. Hakuna aliyekwenda kula. Simu ya Odilia ikaita, alikuwa Didas, akamsikia mumewe akisema halo, halo, akaikata. Alikuwa anatazama paa lile refu na chini yake lile koti lake la kijivu, safi, lililokaa vizuri mwilini. Halikuonyesha kitu. Mtu angepita njia angesema mtungi ule ni mzima. Alijaribu kukumbuka ni asubuhi ngapi aliegemeza mgongo pale penye kiraka cha saba. Akahesabu, akaacha kuhesabu.

Saa tisa na nusu alasiri mlango wa chumba cha mitambo ulifunguka. Loyce akatoka, akapiga hatua chache, akakaa chini kwenye matope na koti lake jeupe. "Sifuri," alisema. "Geji imesoma sifuri."

Hakuna aliyeshangilia. Walimtazama tu.

Siku ya tatu alikuja mkaguzi wa serikali, Ridhiwani, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliagiza koti lote livuliwe. Odilia ndiye aliyelivua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mpangilio wa kulabu. Mtungi ukabaki uchi. Ridhiwani alikuwa na kifaa kidogo cha kupima unene wa chuma kutoka nje. Anakibandika, anasoma, anaandika namba kwa chaki pale pale kwenye chuma. Alianzia mbali. Arobaini na tano. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Odilia alikuwa anamfuata nyuma na ndoo ya vitambaa vya kufutia, akaanza kupata moyo. Walipokaribia kibomba cha saba chaki ikaandika thelathini na moja. Ridhiwani akarudia kupima. Akashika kifaa, akakifuta, akasogea kiganja kimoja. Kumi na tisa. Kiganja kingine. Sita.

Akasimama. Akavua miwani.

"Milimita sita," alisema polepole, kama anayemsomea mtu barua ya msiba. "Chuma kimeisha karibu chote. Hapa palikuwa pameshikiliwa na hiyo titani ya ndani, bitana yenu, ambayo haikutengenezwa kubeba kitu."

"Ingechukua muda gani?" Loyce aliuliza.

"Wiki. Labda siku. Sijui, binti yangu. Sijawahi kuona mtungi ulioliwa namna hii ukiwa bado umesimama."

Mtu mmoja nyuma akaanza kusali kwa sauti. Odilia aliona ndoo imemponyoka na vitambaa vimetawanyika miguuni mwake, na hakukumbuka kuiachia.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa chakula. Juu ya meza, kwenye kipande cha nailoni, walikuwa wamevipanga viraka vyake kumi na viwili. Mishono ya viraka kumi na kimoja ilikuwa bado mizuri ajabu. Ridhiwani aliuliza bila ukali nani aliyeviweka.

"Mimi," Odilia alisema. "Kwa mikono yangu. Hakuna aliyenisaidia."

"Nani alikuagiza?"

"Injinia Abdulrahmani."

Vichwa vyote vikageuka. Abdulrahmani alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alimtazama Odilia, na kilichokuwa usoni mwake kilikuwa mshangao mtupu.

"Mama," alisema, "mimi?"

"Asubuhi, Injinia. Mwezi wa sita. Ulisema vinatutolea joto."

"Sikumbuki." Akatikisa kichwa. "Wallahi, sikumbuki kusema hivyo."

Karatasi ya agizo haikuwepo. Aliyesikia zaidi yake hakuwepo. Odilia alihisi kama sakafu imevutwa chini ya kiti chake. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kufukuzwa, hata kwa polisi. Hakuwa amejiandaa kwa neno lile dogo lililosemwa kwa sauti ya mtu mkweli.

Akamgeukia Ridhiwani. "Mzee, naomba nikuulize. Vile vitundu vilikuwa vya nini?"

Ridhiwani akavaa miwani yake. "Bitana ikichanika, mama, tindikali inapita inaingia kati ya bitana na chuma. Huwezi kuiona kutoka nje. Ndiyo maana mtengenezaji anatoboa vitundu kwenye chuma, ili ile tindikali itoke, mtu aione ikidondoka, azime mtungi mapema."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Odilia akashika kichwa kwa mikono miwili. Ukelele uliomtoka uliwashtua wote. "Mawe! Mimi ni mshonaji! Bitana ikichanika ndani ya koti mimi ndiye wa kwanza kujua! Mngeniambia neno moja, moja tu, si ningeelewa? Nani angeniambia hilo nikaziba?"

Loyce alikuwa ameinamisha uso.

Walimwambia apumzike nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alirudi Kasulu na begi moja. Mzee Abdalah, kwa wema wake, akamletea turubai la lori lishonwe, akalipokea, akalikunjua kibarazani, akakaa mbele yake tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri na sindano isiyo na uzi. Wiki nzima turubai lilikaa pale. Mama mmoja alileta sare ya mtoto ibanwe mikono. Aliporudi akakuta Odilia ameikata vizuri, amepiga pasi, na hajashona hata pindo moja. Didas alimwangalia, akawa anapika yeye. Majirani waliuliza, "Kwani ulikuta nini huko?" Naye alijaribu kueleza, akifika kwenye namba za chaki anainuka anaingia ndani.

Na alimchukia Abdulrahmani. Alimchukia kwa bidii, kila siku, kama mtu anayekwenda kazini. Aliamini yule bwana alikumbuka vizuri sana.

Jumapili ya mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, ametoka kanisani, akamkuta amekaa nyumbani kwake. Didas alikuwa amempa kiti na maji. Abdulrahmani alisimama alipomwona. Alikuwa amekonda zaidi.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa hakuwa amezoea kumwamkia hivyo.

Odilia hakuitikia. Akabaki mlangoni.

"Nimekumbuka," Abdulrahmani alisema. "Juzi. Simu iliita nikiwa na kikombe cha chai mkononi, ni dada yangu kutoka Tanga, nikaipeleka sikioni, na yote ikanirudia kwa mara moja. Siku ile alikuwa analia, mama yetu alikuwa anapelekwa hospitali. Nilisimama mbele yako, nikasema vizibe. Uliniuliza ni vya nini. Nilikujibu jambo la uongo ili nirudi kwenye simu, na nilikuwa sijui hata kama ni uongo. Kitabu cha mtungi kinaeleza vile vitundu, ukurasa mzima. Mwishoni kuna sahihi yangu kwamba nimesoma. Sikusoma. Nimeandika yote haya, nimempa Ridhiwani na meneja. Nikaona nisikuletee kwa simu."

Wiki sita Odilia alikuwa amemjenga mwongo kichwani mwake, amemjua sura, amemjua sauti, na sasa mwongo huyo hayupo.

"Kumbe ulikuwa hudanganyi pale kikaoni," alisema hatimaye.

"Sikuwa nadanganya."

"Ulikuwa umesahau tu." Akalirudia neno hilo kama mtu anayelionja. "Watu sitini na wanne. Umesahau."

Odilia aliketi kwenye kizingiti, akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Didas akaingia ndani akatoka na bakuli la asali na mkate, akaviweka mbele ya mgeni, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na wanaume wawili wakakaa mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Abdulrahmani aliondolewa kwenye zamu, akapelekwa stoo. Alikubali. Meneja akamwandikia Odilia barua ya kumwomba radhi na kumwita kazini. Aliikalia siku kumi. Alirudi, kwa sababu Loyce alimpigia akamwambia mafundi walioletwa kutoka mbali wamekwisha kuupata ufa kwenye mchomeleo wa titani, na kwamba ufa wenyewe hauzidi ukucha wa kidole kidogo. Odilia alitaka auone kwa macho. Aliingia ndani ya mtungi kwa magoti tena, wakamwonyesha kwa taa, na hakuamini. Alikuwa ametegemea mpasuko. Ulikuwa unywele.

Matengenezo yalichukua miezi mitano: titani ikachomelewa upya, chuma kilicholiwa kikakatwa na kingine kikawekwa. Koti jipya alilishona yeye. Matundu kumi na mawili aliyazungushia kitambaa chekundu, na kabla ya kulivisha aliwakusanya wafanyakazi wote, hata wapishi na walinzi, akawaeleza kwa Kiswahili halafu kwa Kiha kila tundu linasema nini na likianza kulia mtu afanye nini. Kipriani, mwenye kovu la mviringo mkononi, alisimama mbele akiitikia kwa kichwa kila neno.

Siku ya kuwasha mtungi upya Odilia aliomba kukaa chumba cha mitambo. Loyce akamruhusu. Abdulrahmani alisimama nje dirishani, hakuingia. Presha ikaanza kupanda, na Loyce akawa anaitaja kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kwenye kioo cha kamera vile vibomba kumi na viwili vilionekana vikavu, vikavu, vikavu. Thelathini. Odilia alikuwa anavitazama bila kupepesa, machozi yanamtoka kwa kukodoa. Namba ikafika ilipotakiwa kufika, ikatulia. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tano.

"Mama Japhet," Loyce alisema taratibu.

"Naam."

"Naomba vidole vyangu. Utanivunja."

Odilia akatazama chini. Alikuwa ameushika mkono wa binti yule kwa nguvu zake zote, na hakujua tangu lini.